Stata ya umeme ya injini za ndege ndogo: usianzie kwenye nguvu

Watu wakiniuliza wanunue stata gani kwa ajili ya injini ya ndege yao ya rimoti, karibu wote swali la kwanza ni lile lile, ina nguvu kiasi gani. Mi nawarudishia maswali, injini yako ukubwa gani, inakunywa mafuta gani, na hiyo stata utaifungia betri ipi. Maana stata yenyewe ni mota tu na kipande cha raba mbele, vingine vyote vinategemea umeiunganisha na nini na umeishikaje. Nimekaa na hizi injini za methanoli muda mrefu sasa, za petroli pia kiasi, na kitu ninachokishika kuliko vyote ni kwamba stata haijui kama injini imekwama. Mkono unajua. Ukizungusha propela kwa mkono na ndani kuna tatizo vidole vinakwambia hapo hapo, lakini mota ya umeme inasukuma tu mpaka kitu kikubali au kivunjike. Kwa hiyo kila ninachokiangalia nikichagua stata kinatoka hapo.

Nianze na silinda kujaa mafuta kwa sababu hilo ndo nimeona likiua injini nyingi. Hewa unaweza kuibana, mafuta ya maji maji huwezi. Sasa tenki likiwa limekaa juu kuliko kabureta na throto iko wazi, mafuta yanashuka polepole yanaingia ndani, au mtu kaziba mdomo wa kabureta kwa kidole akavuta mafuta kupita kiasi, basi pistoni ikipanda inakutana na kimiminika na haina pa kwenda. Kwa mkono ungesimama, ungesema ngoja kwanza. Stata kubwa haisimami. Kuna rafiki yangu alikuwa na injini ya .46, yaani cc 7.5, mpya kabisa, akaazima stata ya mwenzake anayerusha ndege kubwa za petroli, ile yenye gia ndani, akaweka koni, ile raba ya mbele ya stata, kwenye spina, kile kichwa kilichochongoka mbele ya propela, akabonyeza. Tulisikia mlio mmoja mfupi mkavu, basi. Alipoifungua konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, ilikuwa imepinda, unaiona kwa macho bila hata kupima. Stata yake mwenyewe ambayo alikuwa anailalamikia kuwa ni dhaifu, siku ile ingemwokoa, kwa sababu raba ingeteleza kwenye spina na yeye angeshtuka kwamba kuna kitu.

Kwa hiyo kabla ya stata kuisogelea injini, zungusha propela kwa mkono mzunguko mzima, plagi ikiwa haina umeme, na kama ni ya petroli basi swichi ya CDI, mfumo unaoipa plagi cheche, iwe imezimwa. Ikipita mgandamizo vizuri endelea. Ikigoma, usilazimishe, toa plagi kabisa, igeuze ndege silinda iangalie chini, halafu zungusha taratibu mafuta yatoke. Wengine wanamalizia kwa kuipiga stata plagi ikiwa imetolewa ili yatoke yote na hiyo ni sawa, ila kaa pembeni na uvae miwani, maana methanoli inaruka kutoka kwenye lile tundu kwa nguvu ambayo hutegemei na methanoli machoni siyo mchezo, ni sumu, hata kwenye ngozi inapenya. Na klipu ya plagi, ile yenye betri inayoipasha plagi moto, ikae mbali kabisa wakati huo, yale mafuta yanayoruka yasikutane na kitu chenye moto.

Hapa kuna jambo linachanganya wageni na naomba mlisome vizuri. Injini nyingi za .40 mpaka .60 za siku hizi ni zile tunaita ABC, pistoni ya alumini ndani ya silinda ya brasi iliyopakwa kromu, na silinda yake imetengenezwa makusudi iwe nyembamba kidogo kule juu. Ikipata joto inatanuka na kukaa saizi yake, lakini ikiwa ya baridi, hasa ikiwa mpya, pistoni inabana pale juu mpaka unahisi imekwama. Mtu anadhani imejaa mafuta au imeharibika. Kuitofautisha ni rahisi, toa plagi. Ikilegea na mafuta yakatoka, ilikuwa imejaa. Ikiendelea kubana pale pale juu hata plagi ikiwa nje, huo ni ubanaji wake wa kawaida wa baridi. Na hata huo wa kawaida mi siupendi stata iupige kavu kavu, konrodi inavutwa vibaya pale juu kila mzunguko, ni bora uipashe silinda joto kwanza kwa mashine ya kukaushia nywele ndipo uweke koni. Injini mpya zikiwashwa hivyo zinakuwa laini sana kuanza.

Sasa saizi. Injini hizi zinaitwa kwa inchi za ujazo, .40 ni kama cc 6.5, .46 ni cc 7.5, .60 inakaribia cc 10, na za petroli zinaanzia kama cc 10 hivi ila nyingi utakazoziona ni cc 20, 30, 50. Stata inaandikwa mwisho wake ni injini ya ukubwa gani. Chukua ile inayozidi injini yako kubwa kidogo, siyo inayozidi mara tatu. Lakini pia usije ukanielewa vibaya ukaenda kununua iliyo chini, maana dhaifu nayo ina hatari yake. Nimeona watu wenye stata dogo wanavyofanya, koni inateleza, anaegemea na mwili mzima ili ishike, mota inapata moto, anaendelea kubonyeza, na siku injini ikikubali ghafla yeye uzito wote uko mbele kuelekea propela. Mtu anayewasha injini anatakiwa awe amesimama au amepiga goti kwa utulivu, anaweza kurudi nyuma bila kujivuta. Stata inayokulazimisha kuegemea siyo ya injini hiyo.

Za four stroke zinataka msukumo zaidi kuliko two stroke ya ukubwa ule ule, halafu zina tabia ya kurudi nyuma kwa kishindo zikiwaka vibaya, nati inalegea na propela inaondoka. Ndo maana propela ya four stroke inafungwa na nati mbili, ya pili inaikaba ya kwanza. Kama hiyo ya pili haipo usiweke stata. Na injini ndogo kabisa za .049 zile zenye springi yake ya kuwashia, hizo stata ya kawaida ni kubwa mno kwao, tumia springi au kidole chenye glovu au kafimbo, inatosha.

Za dizeli ndogo, zile za mchanganyiko wa ether na mafuta ya taa zisizo na plagi, kwangu mi jibu ni hapana. Zinawaka kwa mgandamizo tu na mgandamizo wenyewe unaurekebisha kwa skrubu ya juu, ukikosea kidogo tu au yakiingia mafuta mengi kidogo stata inamaliza konrodi. Hizo ni za mkono, zimetengenezwa zisikilizwe kwa mkono.

Tuje kwenye betri, maana hapa ndo watu wanageuza stata nzuri kuwa kitu kingine. Zamani wote tulikuwa na betri ya volti 12 ya ampia saa 7, ile ya asidi iliyofungwa, nzito, inakaa kwenye boksi na waya mrefu unakwenda kwenye stata. Siku hizi ni LiPo, betri nyepesi za lithiamu. Seli tatu ni volti 11.1 kwa jina, ikijaa 12.6, hiyo iko sawa na stata yoyote ya 12. Seli nne ni 14.8, ikijaa ni 16.8, na mota ikipata volti 40 kwa mia zaidi inazunguka kasi zaidi kwa kiasi hicho hicho na inasukuma zaidi pia. Kuna stata zimetengenezwa kwa ajili ya hiyo na zimeandikwa, sawa, tumia. Lakini ile ya 12 tu ukiifungia seli nne kwa sababu jamaa kakwambia inakuwa kali, umeipa injini ya .40 msukumo wa stata ya injini kubwa bila hata kujua, na brashi za mota zinaisha haraka, na joto lake unalihisi mkononi.

Halafu mkondo. Stata ikiwa inavuta injini inaweza kula ampia 30 na kupanda, ikikwama kabisa zinaruka juu zaidi, piga hesabu volti 12 mara ampia 30 ni wati 360 zinapita kwenye waya. Waya mwembamba unapata moto, soketi legelege inatoa cheche, na volti zinapotea njiani unaanza kudhani stata ni mbovu. LiPo tofauti na ile ya asidi haisinzii, inatoa tu, kwa hiyo shoti kwenye LiPo ni moto wa dakika hiyo hiyo. Mi nataka waya mnene, soketi ambayo haiwezi kuingia kinyume, na fyuzi karibu na betri. Fyuzi wengi hawaweki. Naomba muweke.

Kwa LiPo kuna faida moja ya usalama ambayo naithamini sana, stata za kisasa zinabeba betri yake kwenye mkia, hakuna waya unaoburuzika. Ule waya mrefu kutoka kwenye boksi nimeuona ukikaribia propela zaidi ya nilivyopenda, mtu kashikilia stata mkono mmoja, injini imewaka, anageuka, waya unapita mbele ya propela inayozunguka. Kama unatumia stata ya waya, upitishe chini ya mkono wako upande wa mbali na ndege, boksi likae upande huo huo, na urefu uwe wa kutosha tu siyo wa kujikunja miguuni.

Swichi, hii ni fupi lakini kwangu ni ya kukataa stata au kuikubali. Iwe ya kubonyeza na kuachia, ukiachia inakata, na iwe imezama kidogo au ina kizuizi pembeni isije ikabonyezwa na kitu ndani ya begi. Ya kusukuma ambayo ukiwasha inabaki imewaka sitaki kuiona karibu na propela. Na hata ikiwa nzuri, ukimaliza kuwasha chomoa betri. Stata yenye LiPo iliyoachwa imechomekwa ndani ya boksi lenye kopo la mafuta na vitambaa vyenye methanoli, na bisibisi ikaegemea swichi, sihitaji kueleza zaidi.

Koni sasa. Ile raba ndiyo klachi yako. Kazi yake siyo kushika tu, kazi yake pia ni kuteleza pale injini inapogoma, kwa hiyo mtu anayeipaka gundi au kuikwaruza ili ishike hata kwa nguvu zote anaondoa kinga yake mwenyewe. Ifute mafuta kwa kitambaa, inatosha, raba safi inashika vizuri. Iwe inakaa vizuri kwenye umbo la spina, spina ya alumini ndo nzuri kwa stata, ya plastiki angalia nyufa mara kwa mara hasa pale inapokatwa kupisha propela, na kama propela inagusa ukingo wa ule mkato, spina inaliwa polepole na siku moja spina inaondoka vipande. Kama raba yenyewe imelegea ndani ya kikombe chake inatoka na kuzunguka ovyo, badilisha, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye hilo boksi.

Na mpangilio wake: koni kwanza, swichi baadaye. Weka koni kwenye spina, sukuma wima bila kuinamisha, ikishakaa ndo ubonyeze. Ukiwasha mota kwanza halafu ukaisogeza ikizunguka inaitafuna spina, inaruka pembeni, na pembeni ndiko kuna propela.

Mwelekeo nao uangalie kila ukichomelea soketi mpya au ukinunua betri mpya. Injini za kawaida ukiwa umesimama mbele ya ndege unaitazama, propela inazunguka kinyume na saa. Ukigeuza nyaya za stata inazunguka upande mwingine, na kibaya ni kwamba two stroke nyingine zinaweza kabisa kuwaka zikizunguka kinyume, nati inaanza kufunguka, halafu unayo propela iliyolegea inayokimbia. Ibonyeze hewani kabla, uangalie koni inakwenda wapi, ni sekunde moja.

Kuhusu urefu wa stata watu hawafikirii lakini mi naufikiria. Stata fupi sana inaleta ngumi yako karibu na propela. Chukua propela ya inchi 10 kwenye injini ya .40 ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, ncha yake inakimbia kama mita 160 kwa sekunde, hiyo ni karibu kilomita 575 kwa saa, na huioni, unaona kivuli tu. Nataka mwili wa stata uwe na urefu, unashikika vizuri hata mkono ukiwa na mafuta, na injini ikiwaka navuta moja kwa moja nyuma kuelekea kwangu, naachia swichi, naiweka chini, nazunguka ndege kwa nje kwenda nyuma ya bawa. Sipitishi mkono juu ya propela hata kama klipu ya plagi iko pale karibu. Klipu inatolewa kutoka nyuma, sindano ya mafuta, ile skrubu ya kuongeza au kupunguza mafuta, inarekebishwa kutoka nyuma, na hakuna mtu anayesimama usawa wa ubavu wa propela, maana propela ikivunjika vipande vinaruka kwenda huko huko pembeni. Mikono mirefu ya shati, kamba ya shingoni ya rimoti, kitambulisho kinachoning'inia, vyote vitolewe kabla.

Na ndege ifungwe au ishikwe. Hii nimeikuta kila mahali inachukuliwa poa. Mtu ana stata kali, inawasha mara moja, lakini throto iko juu kwa sababu hakuangalia servo yake, kimota kinachovuta throto, inakwenda upande gani, injini inawaka ikiwa wazi kabisa na ndege inamjia yeye aliyeko mbele. Stata nzuri inafanya hilo litokee haraka zaidi kuliko kwa mkono. Washa rimoti kwanza, halafu risiva, kile kipokezi cha ndani ya ndege, tazama kabureta kwa macho inafunga ukishusha throto, iache juu kidogo tu ya mwendo wa chini kabisa, kamba kwenye mkia au mwenzako ameshika, ndipo uende mbele na stata.

Moto wa methanoli mchana hauonekani kirahisi, unaweza ukawa unawaka mbele yako ukahisi joto tu. Brashi za mota ya stata zinatoa cheche ndani, hiyo ni kawaida yake, kwa hiyo kopo la mafuta lifungwe na likae mbali, mafuta yaliyomwagika kwenye injini yafutwe kabla ya kubonyeza, na mtungi wa kuzimia moto uwe pale pale siyo kwenye gari. Kwa wanaotumia petroli hili ni kubwa zaidi, mvuke wake unatambaa chini, na boksi la stata mara nyingi ndo linakaa chini.

Injini ikikataa, sekunde tano hivi zinatosha, pumzisha. Ikishakataa mara chache hakuna stata itakayoiwasha, angalia plagi inang'aa rangi ya chungwa, betri ya plagi ina chaji, mafuta yanafika, sindano imefunguliwa kiasi sahihi. Ukiendelea kuipiga stata unachofanya ni kuijaza mafuta, tunarudi kule kule kwenye silinda iliyojaa.

Ukipata ya mkononi, yaani iliyokwisha kutumika, ambayo wengi tunapata hivyo na mi sina tatizo nayo, izungushe mhimili wake kwa vidole usikie kama beringi zinakwaruza, uiyumbishe pembeni uone kama imechezacheza, nusa, mota iliyoungua ina harufu yake haipotei. Fuata waya wote kwa vidole kutoka soketi mpaka unapoingia kwenye mwili, pale kwenye kona ndo unapokatikia ndani huku nje uko mzima. Bonyeza swichi uachie mara kadhaa, ikichelewa kukata hata kidogo usilipe chochote mpaka ibadilishwe swichi, na umwambie muuzaji kwa nini, ili asiiuze hivyo hivyo kwa mwingine.